Nyumba Hulipiwa Kila Mwezi

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanachama wa chama chetu cha kuweka na kukopa jijini Dar es Salaam, ambao wengi wao wamekwisha kupata viwanja na sasa wanajiandaa kujenga. Wako ambao hawakuweza kufika, na wako waliofika ambao waliomba kuipata kwa maandishi ili wakakae nayo pamoja na mafundi wao. Naiweka hapa yote, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, ndugu wanachama wenzangu, wazee wangu, mama zangu na vijana mliokuja leo, itifaki yote imezingatiwa.

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni msanifu majengo kwa kazi, na ni mwanachama mwenzenu ambaye, kama ninyi, anakatwa kila mwisho wa mwezi. Nimeombwa nizungumzie gharama za ujenzi. Naomba radhi kwa kuisogeza mada hiyo mbele kidogo, kwa sababu gharama za ujenzi mnazifahamu vizuri kuliko mnavyodhani, na iko gharama nyingine kubwa ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa katika ukumbi huu.

Ngoja niulize. Nyumba yako itakugharimu kiasi gani? Naona vichwa vinapiga hesabu. Msingi kiasi fulani, tofali kiasi fulani, kupaua, madirisha, vigae, rangi, choo na shimo lake. Kila mtu hapa ana hesabu hiyo kwenye daftari, na wengine mmeikariri. Sasa niulize tena. Ukishahamia, nyumba hiyo itakugharimu kiasi gani kila mwezi, kwa miaka 30 utakayoishi humo? Umeme wake ni kiasi gani? Joto lake utalipoza kwa kiasi gani? Chakula kitapikwa kwa nini, na kwa shilingi ngapi? Daftari lenye hesabu hiyo sijaliona, ndugu zangu. Sijaliona kwa wanachama, sijaliona kwa mafundi, na wasanifu wenzangu wengi hawaliandiki, kwa sababu hakuna anayewaagiza waliandike.

Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba gharama ya kuishi katika nyumba huamuliwa kabla hujahamia. Huamuliwa mezani kwa mchora ramani, huamuliwa siku fundi anapokuuliza unataka bati la rangi gani, huamuliwa dukani unaposimama mbele ya friji mbili na kuchagua ile ya bei nafuu. Na mara nyingi mno huamuliwa na mtu ambaye hatailipa.

Tuanze na uniti, kwa kuwa ndiyo lugha tunayoielewa sote. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ukiiwasha saa nzima bila kuizima, imekula uniti moja. Feni ya wati 60 itahitaji zaidi ya saa 16 kuila uniti hiyohiyo. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, ambazo ndizo nitakazozitumia katika hesabu zangu zote leo, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, yaani wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, inafika takribani shilingi 356. Lakini mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100, ambazo pamoja na makato hayo ni shilingi 122. Shikeni namba hizo tatu: 356, 122 na 75. Ndani yake kuna pesa nyingi za watu maskini zinazopotea bila wao kujua.

Chukueni taa peke yake. Nyumba yenye balbu 5 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 6 kila usiku, hutumia uniti 54 kwa mwezi. Uniti 54 kati ya zile 75! Bado hujachaji simu, hujapiga pasi, hujatazama taarifa ya habari. Balbu 5 za LED za wati 9 zinazotoa mwanga wa kutosha vilevile zitatumia uniti 8 tu. Kwa hiyo balbu inaweza kumtoa mtu katika bei ya shilingi 122 na kumpeleka katika bei ya shilingi 356 kwa kila kitu kingine anachokitumia. Nashukuru kwamba jambo hili la balbu watu wengi wamekwisha kulielewa, hivyo sitalirefusha.

Lisiloeleweka ni hili ninalolieleza sasa. Mwaka jana niliitwa na mzee mmoja wa Mbagala aliyetaka kuongeza vyumba vya uani. Nyumba yake ni ile ya Kiswahili tunayoijua sote: mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Vyumba sita, familia sita, mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Nilipofika nilikuta ugomvi wa umeme umepamba moto. Mama wa chumba cha tatu alikuwa akilalamika kwamba yeye ana taa mbili, televisheni na feni tu, lakini anachangishwa sawa na kijana wa chumba cha tano mwenye friji na redio kubwa. Mzee alikuwa amekata shauri kumfungia kila mpangaji sabmita, yaani mita ndogo nyuma ya ile kubwa, ili kila mtu alipie alichotumia.

Nikamwomba tukae tupige hesabu. Familia sita zile zilikuwa zikitumia, kwa wastani, kama uniti 25 kila moja. Kila familia peke yake ni mtumiaji mdogo kabisa, ambaye bei ya shilingi 122 iliwekwa kwa ajili yake. Lakini mita haioni familia, mita huona nyumba. Zikijumlishwa ni uniti 150, na uniti 150 hulipiwa bei ya juu. Badala ya shilingi 3,050 kwa mwezi, kila familia ilikuwa ikilipa shilingi 8,900. Kwa nyumba nzima ni shilingi 35,100 za ziada kila mwezi, zinazolipwa na watu sita ambao hakuna hata mmoja wao aliyetumia umeme mwingi. Sabmita ingegawa mzigo huo kwa haki zaidi, ni kweli, na ingemaliza ugomvi wa chumba cha tatu na cha tano. Bei isingebadilika hata senti moja. Kinachobadilisha bei ni kila kaya kuwa na mita yake yenyewe iliyosajiliwa, na hilo ni jepesi kulipanga wakati waya unapochorwa kwenye ramani kuliko wakati ukuta umekwisha kupigwa plasta na rangi.

Ninyi mnaokusudia kujenga vyumba vya kupangisha, nawaomba mlibebe jambo hili kwa uzito. Mkienda kwa fundi umeme, mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba kila kaya itakuwa na njia yake. Mpangaji wako atakaa muda mrefu zaidi, na kodi yako itakuja bila kesi.

Sasa nije kwenye paa, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba jua letu la mchana karibu mwaka mzima liko juu ya utosi, na mwezi Machi na Oktoba hupita juu yetu moja kwa moja. Ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini hauchomwi sana, na ukiupa upenu wa kutosha, jua la mchana haliufikii kabisa. Ukuta wa mashariki huchomwa asubuhi. Ukuta wa magharibi huchomwa kuanzia alasiri mpaka machweo, kisha hukaa na joto hilo na kulirudisha ndani wakati watu wanapokwenda kulala. Lakini kuliko kuta zote, kinachopigwa na jua ni paa. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 basi imebeba wati 120,000. Ni kama kuweka pasi 120 juu ya dari yako, zote zimewashwa, halafu unashangaa kwa nini feni inapuliza hewa ya moto.

Kiasi gani cha joto hilo kinaingia ndani? Hilo linategemea uamuzi wako. Bati la rangi iliyokolea, jeusi, kahawia au kijani cha chupa, hufyonza sehemu kubwa ya joto hilo na mchana linaweza kupita nyuzi 60. Bati jeupe au la rangi ya maziwa hurudisha sehemu kubwa juu lilikotoka. Bei ya bati la rangi nyeupe na bei ya bati jeusi dukani, kwa unene uleule na kiwanda kilekile, hazina tofauti ya kumfanya mtu akope. Huu ni uamuzi wa bure kabisa. Lakini nikipita Goba, nikipita Kinyerezi, nikipita Kigamboni, ninaona mitaa mizima ya mapaa meusi, kwa sababu jirani aliezeka jeusi likapendeza.

Na kuna hili la kuficha bati. Ndugu zangu, naomba niseme wazi kwa kuwa niko kati ya watu wangu. Nyumba ambayo paa lake limezungushiwa ukuta mdogo ili lisionekane barabarani, bila upenu hata wa nusu mita, inapendeza kwenye picha. Katika pwani hii yenye jua kali na masika ya kumwaga, nyumba hiyo imevuliwa kofia. Jua linapiga ukuta kuanzia juu hadi chini, linapiga kioo cha dirisha, na mvua ikija maji yanateremka kwenye plasta na kukusanyika kwenye mfereji uliofichwa ambao siku ukiziba utaujua kwa kuona dari limechora ramani. Aliyenayo tayari simlaumu, kuna namna ya kumsaidia. Ambaye hajajenga ninamsihi aniletee ramani yake tuzungumze.

Ngoja nitoe kisa. Wako majirani wawili, sitataja mtaa wao, walionunua viwanja vinavyofanana na kujenga nyumba za vyumba vitatu katika mwaka mmoja. Wa kwanza aliielekeza nyumba barabarani, na barabara iko magharibi, kwa hiyo sebule na chumba kikuu vyote vinatazama machweo. Aliezeka bati jeusi, akaweka dari la jipsamu bila kitu juu yake, na madirisha makubwa ya aluminiamu ya kuslaidi. Wa pili alikuwa na mama yake mzazi, bibi aliyekulia Bagamoyo, ambaye alifika kiwanjani akasimama, akauliza upepo unatokea wapi. Wakaigeuza nyumba ubavu. Upande mrefu ukaelekea kaskazini na kusini, jiko na stoo na bafu vikawekwa magharibi vipokee jua kwa niaba ya vyumba vya kulala, bati likawa la rangi ya maziwa, upenu ukatoka karibu mita moja, na mwarobaini uliokuwepo kiwanjani haukukatwa.

Nimeingia katika nyumba zote mbili saa kumi alasiri ya mwezi Februari. Katika ile ya kwanza nilipandisha mkono kuelekea dari la chumba kikuu, na kabla kiganja hakijaligusa nililihisi joto likishuka. Mwenye nyumba alikuwa amefunga viyoyozi vitatu. Katika ile ya pili kulikuwa na joto pia, kwa sababu Februari ni Februari, lakini watu walikuwa wamekaa sebuleni, pazia linacheza, pangaboi limezimwa.

Tufanye hesabu yao. Kiyoyozi kidogo cha chumba cha kulala huvuta kama wati 1,000 kompresa inapofanya kazi. Tuseme kinawaka kwa muda wa saa 8 kila usiku, na kompresa inapumzika robo ya muda huo. Ni uniti 6 kwa usiku mmoja, yaani shilingi 2,136, na kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 64,000 kwa chumba kimoja. Vyumba vitatu ni zaidi ya shilingi 192,000. Feni ya wati 60 kwa saa hizohizo 8 haifiki hata nusu uniti. Kwa mwezi ni kama shilingi 5,100. Na msisahau kwamba feni haipoozi chumba, humpooza mtu kwa kupitisha hewa juu ya ngozi yenye jasho, kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haina kazi yoyote. Sasa kumbukeni kwamba majirani hawa wawili walitumia takribani fedha ileile kujenga. Tofauti yao inalipwa kila mwezi, na italipwa na watoto wao.

Kuhusu madirisha, sina mengi ila moja. Dirisha la kuslaidi lenye upana wa mita moja na nusu hufunguka sentimita 75 tu, kwa kuwa nusu moja lazima ijifiche nyuma ya nyingine. Umelipia dirisha zima, umepata upepo wa nusu, na wavu wa mbu unapunguza tena nusu hiyo. Dirisha la kufunguka kwa nje, au la luva kama yale ya nyumba za serikali za zamani, hukupa nafasi yote. Na upepo hauingii katika chumba ambacho hauna pa kutokea. Kila chumba cha kulala kinahitaji njia mbili, hata kama ya pili ni matundu ya juu ya mlango. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki wakati wa joto kali, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka. Wazee wetu waliokwenda na majahazi walizijua pepo hizi kwa majina na kwa miezi. Sisi tunajenga kama hazipo.

Mtu aweza kusema, haya ni mambo ya kienyeji, dunia imesonga mbele. Hapana. Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2000, muingie katika nyumba yoyote ya mawe iliyobaki kama ilivyojengwa. Kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, dari la juu lililobebwa na boriti za mikoko, ua wa ndani unaovuta hewa ya moto kwenda juu, na vichochoro vyembamba ambavyo kuta zake hutiliana kivuli. Sisemi tujenge kuta za nusu mita leo Chanika, kwa tofali la saruji hatutaweza na wala hatuna haja. Nasema wale walipiga hesabu ya joto kabla ya kupiga hesabu ya sura. Au njooni karibu, hapa Kariakoo. Soko lile la miaka ya 1970 ni kazi ya marehemu Beda Amuli, msanifu wetu wa mwanzo. Aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayotia kivuli, inayoacha hewa ipite katikati na inayokusanya maji ya mvua. Hakuna aliyemwita mtu wa kienyeji. Alikuwa mtu wa kisasa aliyejua yuko wapi.

Nilisema pia kwamba gharama hizi mara nyingi huamuliwa na mtu ambaye hatazilipa. Mwenye nyumba hujenga, mpangaji hulipa umeme. Mwenye nyumba akiokoa pesa kwa kuacha kuweka dari, pesa hiyo ni yake, na joto ni la mpangaji. Ndiyo maana nyumba nyingi za kupangisha katika jiji hili ni za moto.

Binti mmoja, mwalimu, alitafuta chumba na sebule. Dalali akampeleka sehemu mbili. Chumba cha kwanza kilikuwa cha chini, chenye madirisha pande mbili. Cha pili kilikuwa juu kabisa, chini ya bati, dirisha moja linalotazama magharibi, na kilikuwa na nafuu ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Akachukua cha pili, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, akalipa kodi ya miezi sita. Ilipofika Novemba alikuwa halali. Januari akanunua kiyoyozi kwa mkopo. Kwa hesabu ileile ya shilingi 64,000 kwa mwezi, miezi sita tu ya joto katika mwaka ni shilingi 384,000, wakati nafuu yake ya kodi kwa mwaka mzima ni shilingi 360,000. Bado hatujataja bei ya kiyoyozi chenyewe wala riba. Chumba cha bei nafuu kilikuwa ndicho cha bei kubwa. Ni nani alimwambia? Dalali hakumwambia, mwenye nyumba hakumwambia, na hakuna karatasi popote inayomlazimu mtu kumwambia mpangaji kwamba chumba hiki kitakulipisha kiasi hiki.

Kwa hiyo vijana mnaopanga, nendeni mkakague chumba saa kumi alasiri, msiende asubuhi. Gusa ukuta wa magharibi. Tazama juu, kuna dari au bati tupu? Uliza mita ni ya nani na ina wangapi. Fungua dirisha, kisha simama mlangoni usikie kama hewa inapita. Na wenye nyumba, wekeni dari. Dari, na juu yake karatasi ile inayong'aa ya kurudisha joto, na matundu kwenye kuta za pembetatu ili hewa ya moto iliyofungiwa chini ya bati ipate pa kutokea.

Friji nayo ni vilevile. Friji nzuri ya ukubwa wa kawaida hutumia chini ya uniti moja kwa siku. Friji kuukuu lililoshushwa kutoka kwenye kontena, ambalo mpira wa mlango umelegea, linaweza kufika uniti mbili. Tofauti ikiwa uniti 1.2 kwa siku, ni zaidi ya shilingi 12,800 kwa mwezi, na kwa miaka mitano ni zaidi ya shilingi 750,000. Wenzetu wa Kenya tangu 2016 wana kanuni zinazotaka friji na viyoyozi vibandikwe lebo ya nyota, moja mpaka tano, na mwenye nyota nyingi ndiye anayekula umeme kidogo. Mkikuta lebo ya namna hiyo dukani, isomeni kabla ya kusoma bei. Ghana walikwenda mbali zaidi, wakapiga marufuku kuingiza mafriji yaliyotumika kuanzia 2013.

Mama zangu, sijawasahau jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo ni zuri, ila ninajua kinachowatia hofu. Mnasema umeme wa kupikia utawamaliza. Mama lishe mmoja, mwanachama wetu, alikuwa na sufuria la umeme la presha alilolipata kupitia kikundi chake, likakaa juu ya kabati bado liko kwenye boksi lake kwa hofu hiyohiyo. Tukalishusha. Tukasoma uniti zilizobaki kwenye mita, tukazima kila kitu kingine, tukaweka maharage yaliyolowekwa usiku kucha, tukafunga mfuniko. Sufuria likachemka, likapanda presha, kisha likaanza kujizima na kujiwasha lenyewe. Maharage yalipoiva tukarudi kwenye mita. Uniti moja haikufika. Yaani maharage yale yalipikwa kwa chini ya shilingi 356. Nikamuuliza, mkaa wa maharage hayo unaununua kwa shilingi ngapi? Akanyamaza akipiga hesabu ya vipimo vyake vya kila siku, kwa sababu yeye, kama mama wengi, hanunui gunia, hununua kidogokidogo, na anayenunua kidogokidogo ndiye hulipa zaidi kwa kila kilo. Chapati bado anapika kwa mkaa, na samaki wa kuchoma ni wa mkaa. Sina ugomvi na hilo. Maharage, makande na kongoro, vitu vinavyokaa jikoni saa tatu, hivyo ndivyo vinavyomaliza mkaa, na ndivyo sufuria lile linavyoviweza.

Najua swali linalokuja. Tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa. Umeme upo. Kwa nini tubane? Ni swali la haki na nalijibu hivi. Bwawa limeongeza umeme wa taifa, na sote tumefurahi, lakini uniti inayoingia nyumbani kwako bado unailipia wewe. Pia umeme unapita kwenye transfoma ya mtaa wako kabla haujafika kwako. Mtaa mzima ukiwasha viyoyozi saa mbili usiku, taa hufifia na friji huguna, hata kama mitambo yote tisa inazunguka. Nyumba inayojipooza yenyewe humsaidia mwenyewe na humsaidia jirani yake.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa bodi, na naliomba liingie kwenye muhtasari. Fomu yetu ya mkopo wa ujenzi inauliza thamani ya kiwanja, makadirio ya vifaa na mshahara wa mwombaji. Naomba iongezwe sehemu ya nusu ukurasa: nyumba inaelekea wapi, bati la rangi gani, upenu ni sentimita ngapi, kuna dari au hakuna, kila chumba kina njia ngapi za hewa, na kila kaya ina mita yake au la. Mwanachama anayelipa shilingi 192,000 za viyoyozi kila mwezi ndiye huyohuyo atakayechelewesha rejesho letu, kwa hiyo hili ni suala la usalama wa fedha za chama kama lilivyo suala la usingizi wa mwanachama. Na kwa wale ambao nyumba zimesimama tayari, naomba tufikirie mkopo mdogo wa dari, rangi nyeupe ya paa na upenu wa kuongeza, ambao utalipwa kwa muda mfupi na kwa riba ndogo.

Mimi nitakaa hapa mpaka saa kumi na moja. Waliokuja na ramani zao wasogee meza ya mbele, na ninaomba tuanze na wenye viwanja ambavyo barabara iko upande wa magharibi, kwa sababu hao bado hawajachimba msingi na ramani zao zinageuzika. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.